Waifai ya Bure ya Injinia

Habari iliyomtajirisha Injinia kichwani mwake, kabla hata hajanawa uso, aliisikia akiwa amelala. Alikuwa kwenye kochi la dada yake, kajifunika shuka hadi kidevuni, anajifanya yumo usingizini. Shemeji yake alikuwa anakunywa chai hatua mbili tu kutoka hapo, na shemeji kila akimwona yuko macho humkumbusha tarehe ya kuhama.

"Mwisho wa mwezi," ndivyo shemeji alivyokwisha kusema. "Miezi minane inatosha. Mgeni gani anajua pasi inapokaa kuliko mwenye nyumba?"

Mwisho wa mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa, na Injinia hakuwa na kochi jingine duniani.

Asubuhi hiyo shemeji, ambaye ni karani wa kampuni ya bima, alikuwa anamlalamikia mkewe. Ofisi inapakwa rangi. Wafanyakazi wote wameambiwa wafanyie kazi kwenye simu zao, popote watakapopata pa kukaa. Wenzake wamehamia mgahawa wa mkabala na ofisi. Yeye atafanyia kazi chumbani, maana hawezi kununua chai ambayo nyumbani ipo.

Chini ya shuka, jicho moja la Injinia likafumbuka. Makarani wa bima, simu mikononi, bosi hayupo, na shemeji mwenyewe hatakanyaga huko. Akamshukuru Mungu kwa kumpa shemeji bahili.

Tumweke mtu wetu wazi kidogo. Jina la Injinia alipewa mtaani kwa sababu ya begi lake la nyaya. Chuo cha ufundi alikijua kwa nje tu, alipokuwa akipita kwenda kwingine. Lakini mdomo alijaliwa. Aliwahi kumuuzia mwenye duka kibandiko cha kuzuia simu isichoke, na mwenye duka akarudi kununua cha mkewe.

Kufika saa nne alikuwa ameketi kwenye meza ya kona ya mgahawa huo, laptopu mbele, ruta ndogo ndani ya begi, na hewani kuna mtandao mpya wenye jina la mgahawa na neno BURE. Ukijiunga, ukurasa safi unakukaribisha na kukuomba uandike barua pepe yako ya kazini na nywila yake. Ukishaandika, unapata intaneti, na Injinia anapata nywila. Akishaingia kwenye akaunti moja tu ya kampuni, wateja wa bima watapokea barua ya adabu kabisa, ikiwaomba malipo yao wayatume kwenye namba mpya.

Shida ni kwamba intaneti ilibidi iwepo kweli, la sivyo watu wangeondoka. Kwa hiyo bando alinunua Injinia, kwa fedha yake. Siku mbili watu walitazama video za mpira, wakapiga simu za picha kwa ndugu zao ng'ambo, wakabariki mgahawa. Nywila zilizoingia zilikuwa za kusikitisha. Mmoja aliandika namba ya kiatu chake. Mwingine aliandika "nitakumbuka kesho". Makarani wenyewe walikunywa chai na kutumia bando zao.

Aliyefaidi ni mwenye mgahawa, mama mnene mchangamfu, ambaye siku ya pili alibandika mlangoni tangazo la intaneti ya bure na kupandisha bei ya chai.

"Mama, hii waifai umeiweka lini?" Injinia alimuuliza, kumpima.

"Mimi? Nimeikuta tu. Nani anauliza mvua imetoka wapi?"

Siku ya tatu akaingia mama wa makamo, miwani imemshukia puani, mkobani ana simu tatu. Alizipanga mezani, akaziangalia moja moja, kisha akamgeukia Injinia.

"Mwanangu, samahani. Hii waifai ya bure ni ya hapa kweli?"

"Ya hapa hapa, mama."

"Nauliza kwa sababu nasikia mtu anaweza kukaa pembeni akaupa mtandao wake jina lolote."

Injinia alitikisa kichwa kwa huzuni. "Watu siku hizi hawana haya, mama."

"Hawana," alikubali yule mama, akajiunga. Kwenye laptopu ya Injinia ikadondoka barua pepe ya kampuni ya bima na nywila yake nzima nzima.

"Itabeba simu kumi na mbili?" mama aliuliza tena. "Alhamisi nina watu wangu, wanaanza kutumia akaunti za kampuni kwenye simu. Ila naona inakwamakwama. Ikiwa hivi nitawapeleka kwingine."

"Kwingine wapi, mama? Mimi ni fundi wa hapa. Alhamisi itakuwa inakimbia."

Jioni, kwenye kochi, aliifungua ile akaunti. Ndani mlikuwa na ujumbe mmoja tu: Alhamisi saa nne, wote kumi na wawili, akaunti zote za wateja. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini mama mwenye simu tatu ana barua moja. Injinia alichojiuliza ni nyumba yenye vyumba vingapi itamtosha. Akamwambia dada yake asihangaike kumtafutia chumba, kwani kabla ya mwisho wa mwezi atahama kwa heshima, na kochi jipya atawaletea.

"Kaka, kazi gani hiyo?" dada aliuliza.

"Mawasiliano," alijibu Injinia, na kwa kweli hakudanganya sana.

Ruta yenye nguvu haikuwa ya mchezo, na bando la kulisha simu kumi na mbili lilikuwa zito. Jumatano aliuza suti yake. Kwa mtu wa kazi yake suti ni jembe, na mbele ya duka la nguo za mitumba alipita mara mbili kabla ya kuingia. Lakini aliuza, akanunua, akafunga vyombo vyake vyote chini ya meza ya kona, akavaa shati la bluu lililobaki.

Alhamisi saa nne kamili wakaingia, watu kumi na wawili na yule mama mbele yao, wamejibana mlangoni kama wanafunzi wa siku ya kwanza. Injinia hakuinua uso. Fundi mzuri hawatazami samaki, anatazama ndoana. Akasikia viti vinavutwa, chai inaagizwa, kisha kimya cha watu wanaobonyeza simu.

Nywila ya kwanza ikadondoka: shati-la-bluu.

Injinia alitabasamu. Watu wana nywila za ajabu. Ikaja ya pili: meza-ya-kona. Ya tatu: chai-yako-inapoa. Aliigusa bilauri yake bila kujua, na kweli ilikuwa imepoa. Ya nne, ya tano, mpaka ya kumi na moja, iliyosema: mlango-una-mtu. Akauangalia mlango. Mwenye mgahawa alikuwa amesimama pale, kaujaza wote, anafuta bilauri taratibu.

Ya kumi na mbili ilichelewa kidogo. Kisha ikaja: umelalia-kochi-langu-miezi-minane.

Hapo ndipo Injinia alipoinua uso. Kati ya nyuso kumi na mbili zilizokuwa zikimtazama, ya mwisho upande wa dirisha, chai ya kununua mkononi, ilikuwa ya shemeji.

"Msimkodolee macho, angalieni simu," alisema yule mama, na sauti sasa ilikuwa ya mwalimu, kwa sababu mwalimu ndiye alikuwa. Kampuni ilimwajiri kuwafundisha makarani. "Akaunti mlizotumia ni za mazoezi, hazina kitu. Haya, anayejiunga hapa kwa kweli, kosa lake la kwanza ni lipi?"

"Hakumuuliza mwenye mgahawa," alisema karani mmoja.

"Sina waifai," alithibitisha mwenye mgahawa. "Sijawahi kuwa nayo."

"La pili. Mama huyu akikuuzia chai, anakuomba ufunguo wa nyumba yako? Sasa intaneti ya chai inataka nywila ya kazini ya nini? Kazi ya kampuni fanyeni kwa bando lenu, kampuni italipa." Akainua moja ya simu zake tatu. "Na hii ya bei poa, haijapata masasisho ya usalama tangu mwaka juzi, imejiunga yenyewe kabla sijaiambia. Msinunue simu ya kazi kwa sura."

Injinia alianza kukunja waya polepole.

"Acha, baba," alisema mwalimu, kwa upole ule ule wa siku ya kwanza. "Ruta na laptopu zinabaki. Ni ushahidi, zinakwenda kwa mkuu wa usalama wa kampuni. Akitaka polisi, atakuita. Tunakushukuru kwa bando. Lilikuwa linakimbia."

Shemeji alinyoosha mkono. "Mwalimu, na mtu wa namna hii ukimkuta ndani ya mtandao wa nyumbani kwako?"

"Mtoe leo leo. Na usianze mazungumzo naye. Ana mdomo, utaishia kumhurumia."

Shemeji aliandika jibu hilo kwenye daftari, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Injinia alizunguka mji mchana kutwa, mikono mitupu. Jioni alipofika nyumbani, alikuta begi lake la nguo nje ya mlango, limefungwa vizuri, shuka limekunjwa juu yake. Mlango ulikuwa na komeo. Alibisha. Aliandaa maneno matatu mazuri, moja likiwa na machozi ndani yake.

"Kaka," ilisema sauti ya dada kutoka ndani, "shemeji yako amenikataza kuzungumza nawe. Amesema nitakuhurumia."

"Amesema kweli," alijibu Injinia, na yale maneno matatu yakamtoka kichwani yote.

Alikaa juu ya begi, akasikia vyombo vinagongana jikoni, na sauti ya shemeji ikinung'unika jambo, na dada akimjibu kwa ufupi.

"Mimi sizungumzi nawe," alisema dada tena, karibu zaidi na mlango. "Umekula?"

Injinia alitafuta uongo wa kuokoa heshima, akaukosa.

"Bado," alisema.

Komeo likalia, na mlango ukafunguka, upana wa kupitisha sahani tu.