Uzinduzi wa Kiwanda cha Barafu cha Ijara

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa wadi, Mwenyekiti wa Kamati ya Mpito ya Ubaridi, ambaye ni mimi, Abdijabar, masheikh wetu, wazee wenye bakora na wasio na bakora, akina mama wa maziwa mlioketi juani kwa sababu hema limetosha viti vya ofisi tu, na wageni kutoka Garissa ambao gari lao limefika ijapokuwa wao bado: assalamu alaykum. (Wachache waitikia. Ngamia alia.)

Leo Ijara inaingia katika fremuweki ya ubaridi endelevu. Nyuma ya ukuta huu wa mabati umesimama mtambo ambao, kwa mujibu wa takwimu nilizoziidhinisha mwenyewe, utapoza asilimia mia moja na nne ya maziwa ya ngamia. (Makofi ya watu wa ofisi.) Ndiyo maana nilimzuia mama yetu, hooyo Deeqa, asipakie madumu yake mawili kwenye gari la alfajiri, wala asiyachemshe maziwa, ili tuyapoze hapa kitaalamu. (Deeqa asema mteja wake anataka maziwa matamu, yasiyochacha, na jua limeshapanda.) Subiri, hooyo. Subira imo katika bajeti.

Kwanza onyesho. Dereva wangu Abdow, tia lile bonge la barafu kwenye sufuria la maji ya moto ya chai. (Abdow auliza kama hiyo si barafu ya maziwa. Aambiwa atie. Barafu yapasuka kwa kishindo.) Hayo, ndugu zangu, ni makofi ya sayansi.

Mwalimu Khalif alinieleza kwamba joto ndilo hutoka kwenye maji likaingia kwenye barafu, mpaka vyote vilingane. Nikamjibu kwamba katika uongozi wangu hakuna joto litakaloingia mahali popote bila kibali. (Mwalimu atazama sufuria.) Nimehudhuria semina tatu za ubaridi, zote katika hoteli zenye kiyoyozi, na mastekholda wote walikubali kwamba nilipoa kuliko wao.

(Sauti: barafu imekwisha.) Haijaisha. Imegatuliwa. Sasa kila tone la maji lina sehemu yake. (Abdow atia kidole sufuriani, asema maji ni vuguvugu.)

(Deeqa afungua dumu la kwanza, anusa.)

"Mheshimiwa, yamechacha."

Basi mradi umeanza kuzaa matunda: tumezalisha susa, yale maziwa ya ngamia ya kuchachusha.

"Susa najua kuitengeneza bila kuitiwa mkutano." (Kicheko kirefu. Hata masheikh.)

Nikisema Ijara, mseme baridi. Ijara! (Wazee: Joto.)

Kwa kumaliza, namshukuru mwenye hoteli kule Garissa aliyetuazima bonge lile la barafu, na ambaye, Abdow ananikumbusha, analitaka lirudi zima kwa ajili ya soda za harusi. Nawashukuru pia vibarua waliousimamisha ukuta huu. Waufungue taratibu, misumari isipotee, maana wiki ijayo tunazindua kiwanda hiki hiki Banissa. Ahsanteni.

(Vibarua wasogea na nyundo. Nyuma ya ukuta hakuna mtambo; kuna mbuzi waliolala. Deeqa amekwisha kuliburuta dumu la pili hadi katikati yao. Awaambia vibarua waache kwanza: kivuli hicho ndicho kitu pekee kilichopoza chochote leo. Nyundo zawekwa chini.)