Moshi au Mvuke: Mkurugenzi Afunga Mradi wa Vepu Shuleni

(Ukumbi wa shule, Jumamosi, saa tano asubuhi. Wanafunzi wamesimama tangu saa tatu. Mgeni rasmi amefika, amekunywa maji, amekigonga kipaza sauti mara tatu na kukipuliza mara mbili.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye ni mke wa Mwenyekiti lakini leo yuko hapa kwa cheo chake mwenyewe, Mwalimu Mkuu, Mwalimu anayemkaimu Mwalimu Mkuu hata Mwalimu Mkuu akiwepo, wajumbe wa Kamati ya Uendeshaji, wajumbe wa Kamati ya Kuratibu Kamati ya Uendeshaji, wawakilishi wa wadau, wadau wenyewe, kama wapo, walimu, wazazi, walezi, mpiga picha, naomba uhamie upande huu, shavu langu la kushoto ndilo linalotumika ofisini, na mwisho kabisa, kwa umuhimu wao uleule, wanafunzi. Kama kuna mtu sikumtaja, basi ajue ametajwa kimoyomoyo.

(Makofi. Mstari wa nyuma unaendelea kupiga makofi mpaka mwalimu wa zamu anageuka kuutazama.)

Kaeni. Wasio na viti, kaeni hivyohivyo mlivyosimama.

Ndugu zangu, nimesimama mbele yenu si kama Mkurugenzi wa Uratibu wa Programu Jumuishi za Ustawi wa Vijana Balehe tu, ingawa ndiye mimi, wala si kama mzazi tu, ingawa mwanangu anasoma shule nyingine, mbali kidogo na changamoto za aina hii, bali kama mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa ya utumishi uliotukuka hajawahi kuacha tatizo bila kuliundia kamati. Wenzangu ofisini huniita Bwana Mchakato. Sikujipa jina hilo mimi. Nililipendekeza tu.

(Vicheko meza kuu. Ukumbini, kikohozi.)

Tatizo lenyewe mnalijua. Ni sigara za kielektroniki, zile ambazo ninyi vijana mnaziita vepu. Lilianza kutufikia kwa barua za mwalimu wenu wa sayansi, yule pale dirishani, mwalimu simama wakuone. Basi, kaa. Mwalimu huyu alituandikia barua nne. Alisema watoto wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, wanavuta vitu vyenye umbo la kalamu na ladha ya stroberi. Wanavificha kwenye soksi. Hawawezi kumaliza dakika arobaini za kipindi bila kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Na wakirudi, mikono inatetemeka. Akaomba mambo matatu. Saa moja kwa wiki ya kuzungumza na watoto bila fimbo. Mtu mmoja aliyesomea kazi hiyo. Na mlango mmoja ambapo mtoto aliyekwishanasa anaweza kubisha, akasaidiwa kuacha, bila kufukuzwa shule.

Saa moja, mtu mmoja, mlango mmoja. Nilipoisoma barua ile nilisikitika sana, kwa sababu ofisi yetu haina utaratibu wa kushughulikia mambo madogo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi, ndugu zangu, kujenga ukuta tunaweza, tena tuna fungu lake, kwa hiyo ufa hautuogopeshi. Nikaagiza tusikurupuke, kwanza ufanyike upembuzi yakinifu, na kabla ya upembuzi yakinifu iandaliwe semina elekezi ya siku tano juu ya namna ya kupembua, katika hoteli yenye ukimya unaoruhusu kutafakari.

(Mwalimu wa sayansi anatazama nje ya dirisha.)

Wajumbe walikuwa arobaini na mmoja, maana penye wengi hapaharibiki neno, na naweza kuwahakikishia kwamba katika siku mbili za kwanza hakuna neno lililoharibika, kwa kuwa wajumbe walikuwa bado wanajitambulisha. Ilikuwa siku ya tatu, baada ya chai ya saa nne, ndipo mwanasheria wetu akaibua hoja ambayo, nasema bila kujisifu kwa niaba yake, ilibadilisha mwelekeo wa mapambano. Aliuliza: "Hiki kinachotoka puani mwa mtoto ni moshi au ni mvuke?"

Wajumbe wote wakashika kalamu. Kwa sababu, ndugu zangu, kama ni moshi, mwenye dhamana ni Idara ya Afya. Lakini kama ni mvuke, mvuke ni nini kama si maji yaliyopanda daraja, na maji yana idara yake. Tukajadili siku mbili nzima. Mjumbe mmoja, bibi mmoja mstaafu aliyealikwa kuwakilisha busara, akasema, "Wanangu, kiwe moshi kiwe mvuke, mtoto ndiye anayekivuta." Tulimshukuru kwa mchango wake, tukauweka kwenye kiambatisho. Kisha tukapiga kura. Moshi kumi na tisa, mvuke ishirini na mbili. Jalada likapelekwa Idara ya Maji.

(Mtu anacheka kwa nguvu karibu na mlango, halafu anajikohoza ili kuficha.)

Cheka, kijana, lakini utaratibu ni utaratibu. Idara ya Maji ilikaa na jalada miezi minane, na haikukaa nalo bure, kwa kuwa katika mwezi wa saba ilimtuma mtaalamu wake, fundi bomba, hapahapa shuleni kwenu, akakagua vyoo vyote vya wavulana na vya wasichana, na taarifa yake ninayo hapa. Naomba niisome yote, ni fupi. "Mabomba ni mazima. Koki ya tatu inavuja. Nimekuta watoto watano ndani wanavuta na mmoja kajiinamia hawezi kupumua vizuri. Nimewaambia watoke. Hiyo si kazi yangu." Mwisho wa kunukuu. Nami natangaza mbele yenu kwamba koki ile ilirekebishwa ndani ya wiki mbili.

(Makofi kutoka meza kuu. Makamu Mwenyekiti anapiga makofi huku akimtazama mumewe, kama anayeuliza iwapo nao wanapaswa kupiga.)

Sasa nije kwenye takwimu, maana mimi ni mtu wa takwimu. Uelewa wa wanafunzi kuhusu madhara ya vepu umepanda kutoka asilimia sifuri, ambayo hatukuipima, hadi asilimia themanini na saba nukta nne, ambayo pia hatukuipima, ila kwa umakini zaidi. Matumizi yameshuka kwa asilimia mia moja na kumi na mbili, maana yake ni kwamba hata wale ambao hawajaanza wameshaacha. Tumezindua mpango mkakati, tukazindua mkakati wa kuutekeleza mpango mkakati, na tumechapisha fulana mia tatu zenye nembo ya kinywa kilichofungwa. Fulana hizo ni za saizi ya watu wazima, kwa sababu ndio waliokuwepo kwenye kikao cha kuchagua saizi.

(Katika safu ya pili anasimama mama mmoja. Ni fundi cherehani, ndiye aliyeshona sare za karibu nusu ya watoto waliomo humu. Utepe wa kupimia bado uko shingoni.)

Naona mama ameguswa, amesimama kunipongeza. Ahsante, mama. Nawe unaweza kukaa.

(Mama hakai. "Samahani, Mheshimiwa, sikusimama kukupongeza. Nina swali, na nina hakika wengine wanalo, sema wanaona haya. Binti yangu ana miaka kumi na mitatu. Wiki mbili kalazwa, mapafu yamejaa, ametoka wodini Alhamisi. Ile miezi minane mlipokuwa mnangoja maji yajibu, yeye alikuwa chooni humu humu anavuta, nami sijui. Nikimfulia, nguo zake zina harufu ya matunda, nikafikiri ni sabuni. Jumatatu anatakiwa arudi darasani. Ameniambia mwenyewe, 'Mama, nikirudi nitavuta tena, sitaweza.' Sasa nauliza hivi. Hilo somo mnalofunga leo, lipo au halipo? Kama lipo, nimlete. Kama halipo, niambie tu, nikae naye nyumbani nijue moja.")

Swali zuri sana. Nalipokea. Na niwafafanulie wananchi, swali likishapokelewa linakuwa mali ya ofisi, haliwezi tena kuulizwa na mtu binafsi. Litajibiwa kwa maandishi ndani ya siku tisini za kazi.

("Jumatatu ni keshokutwa, baba.")

Jumatatu ni keshokutwa, hilo ofisi yangu hailipingi. Mama, nakuelewa, mimi pia ni mzazi kama nilivyosema katika aya ya pili. Nakujibu sasa hivi, mbele ya wote hawa, ili usiondoke na wasiwasi. Mlete mtoto. Programu ipo. Ina vipindi kumi na viwili, ina hadidu za rejea, ina kaulimbiu. Kaa sasa, mama yangu, utulie.

(Mama anakaa. Kwa mara ya kwanza mabega yake yanashuka kidogo. Mzazi aliye jirani anampigapiga mgongo.)

Mnaona? Huo ndio uongozi wa kusikiliza. Basi kabla sijahitimisha, tuinue kaulimbiu zetu. Nikisema "Pafu langu", ninyi mjibu "Hazina yangu". Pafu langu.

(Hazina yangu, wanasema watu kumi na moja.)

Vizuri. Nikisema "Vepu shuleni", mjibu "Mwisho getini". Vepu shuleni.

(Mwisho getini. Mstari wa nyuma unachelewa, unamalizia peke yake.)

Safi. Sasa ni wakati wa shukrani, na mtu asiyeshukuru kwa kidogo hata kwa kikubwa hashukuru. Namshukuru mchapaji wa bango hili zuri nyuma yangu, ambalo ndilo kifaa pekee cha mradi kilichofika kwa wakati. Nawashukuru waandishi wa vitabu vya programu, ambavyo vingekuwa vizuri sana kama vingeandikwa. Namshukuru mwalimu wa sayansi, ambaye kwa moyo wa kujitolea angevifundisha. Nawashukuru sana ninyi wanafunzi, ambao asubuhi ya leo, katika muda wa dakika ishirini tu, kabla hata ya kupewa maji, mmesaini mahudhurio ya vipindi vyote kumi na viwili, kuanzia kile cha mwezi wa kwanza mpaka kile cha jana, kwa nidhamu na miandiko inayosomeka. Zipo nchi ambazo kazi hiyo ingechukua mwaka mzima.

(Wanafunzi wanatazamana.)

Na kwa namna ya pekee namshukuru mama yetu fundi cherehani, ambaye wakati anaingia pale mlangoni alisaini Fomu Namba Saba. Nimeambiwa wazazi wengi walidhani ni daftari la wageni. Sivyo. Kwa saini ile, mama amethibitisha kwamba binti yake amehitimu vipindi vyote, vikiwemo vile viwili ambavyo kwa bahati mbaya viliangukia siku alizokuwa wodini. Hakukosa hata kimoja. Mtoto wa aina hiyo ni fahari ya mradi, na jina lake litakuwa la kwanza kwenye ripoti.

(Mama anasimama tena. Safari hii haombi ruhusa. Anakwenda hadi meza ya mlangoni, anamwomba karani kalamu. Karani anasita, anamtazama Mkurugenzi, anampa. Mama anatafuta jina lake kwa kidole, anaifuta saini yake kwa mistari miwili, na pembeni anaandika: Mwanangu hakufundishwa. Kisha anatoka nje, anaegemea ukuta, analia.)

Mama ana furaha, mwacheni.

(Mwalimu wa sayansi ameondoka dirishani. Yuko nje tayari, amemshika mama mkono. Kwa kuwa milango iko wazi, maneno yake yanasikika ukumbi mzima: "Mlete Jumatatu. Asiende kwingine, aje kwangu maabara saa saba, wakati wenzake wanakula. Mimi si mtaalamu, nisikudanganye. Lakini nitakaa naye, na kesho yake tena nitakaa naye.")

Mpiga picha, jiandae, tunakuja kwenye picha ya pamoja, na nisisitize kwamba picha ndiyo utekelezaji wenyewe, hayo mengine yote yalikuwa maandalizi. Walio warefu wakae nyuma. Wenye fulana waje mbele, wazikunje mikono. Kwa mamlaka niliyopewa, natamka kwamba programu hii, ambayo kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu haikupata nafasi ya kuanza, sasa imefungwa rasmi.

(Msichana mmoja wa mstari wa nyuma anatoka, mikono ameificha kwenye mifuko ya sketi. Anafuata mvulana. Wanafuata wengine wanne. Wote wanaelekea kwa mwalimu wa sayansi, hakuna anayemtazama mwenzake.)

Wanaotoka waacheni watoke, majina yao tunayo tayari. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.