Mtani Wangu Ameharibiwa na Kiingereza cha Mahakamani

Cheyo, Tabora

Kwa Wakili Msomi Festo, mtoto wa dada yangu Pelagia,

Marahaba. Nimeitikia mapema kwa sababu ninyi wanasheria mkishika kalamu, salamu mnazisahau.

YAH: MKATABA WAKO KUMHARIBU MPANGAJI WANGU

Mpwa wangu, ulipokuja Pasaka ulishtuka kukuta fundi seremala Idrisa anaishi vyumba vyangu vya uani bila karatasi. Ukasema ipo siku atadai kiwanja ni chake. Nikakueleza kwamba yeye ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi, tu watani tangu enzi za misafara. Kila asubuhi hunigongea dirisha, ananiita mpagazi na kuniuliza meno ya ndovu nimeyatua wapi. Nami humdai hongo, ule ushuru wa kupita ambao babu zake waliwatoza babu zangu njiani. Tangu mke wangu Advera afariki, hiyo ndiyo sauti ya kwanza ninayoisikia kwa siku. Hukunielewa. Uliandika mkataba wa miaka tisini na tisa kwa maneno ya kale ya Waingereza, ukatueleza maana zake, tukatia saini. Sasa nalalamika kama ifuatavyo:

1. Punje ya pilipili manga. Ulisema Mwingereza akitaka kumkalisha mtu bure na mkataba bado usimame, humtoza punje moja kwa mwaka. Nilicheka, nikadhani Idrisa naye atacheka. Alikuja amechomekea shati, punje iko juu ya kisosi, akaomba stakabadhi.

2. Starehe tulivu. Kumbe maana yake mwenye nyumba asimsumbue mpangaji. Nilibeba kiti chake kipya, kama mtani anavyoruhusiwa. Zamani angenitukana ukoo mzima mpaka majirani watoke nje. Safari hii alikuja na mkataba, akanisomea kifungu, kisha akaniomba radhi kwa kunipotezea muda. Kiti nilikirudisha mwenyewe. Niliumia sana.

3. Tendo la Mungu. Ulisema ni radi, mafuriko na mengineyo ambayo binadamu halaumiwi. Nimemuuliza katekista kwa nini Waingereza wamemwandikia Mungu radi, na asali ya mwaka huu wamemwandikia nani. Tangu hapo Jumapili ananikwepa. Hili halimhusu Idrisa, lakini kosa ni lako.

4. Zamani zisizokumbukwa. Niliomba utani wetu uwekwe humo ili mkataba usiuguse. Ukasema kwa Waingereza zamani hizo zinaishia mwaka 1189, misafara yetu imechelewa. Kama hazikumbukwi, huo mwaka waliukumbukaje?

5. Jumatatu Idrisa ameniamkia. Amesema shikamoo mwenye nyumba, mikono nyuma. Nilirudi ndani nikajipima homa. Nilipotoka akanikabidhi pakiti nzima ya pilipili manga, kodi ya miaka yote tisini na tisa, ili asinisumbue tena. Majirani wanamsifu kwa adabu. Mimi nyumba imepoa, na redio haijui kutukana.

Kwa hiyo naomba ufute mkataba. Ikishindikana, umshtaki Idrisa kwa kunifanyia heshima bila ridhaa yangu, na fidia iwe matusi yote ya tangu Pasaka, kwa mkupuo, mbele ya mashahidi. Hilo nalo likishindikana, achukue kiwanja, mradi anigongee dirisha.

Nisalimie mama yako, mkeo Julieth na watoto. Hakimu yeyote mnayejuana naye, mwambie nami namsalimu.

Mimi mjomba wako, kwenye mkataba Mhusika wa Upande wa Kwanza,

Raymundi Ngollo

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nimesikia harufu ya pilau. Idrisa ameingia jikoni kwangu, amepika kodi yote ya miaka tisini na tisa pamoja na jogoo wangu, na sasa yuko dirishani anauliza kama mpagazi ameshamlilia wakili. Kumbe adabu yote ile ilikuwa utani, na mtaa mzima ulijua isipokuwa mimi. Nimecheka hadi nikakaa chini. Tafadhali usifute chochote. Niongezee kifungu kimoja kirefu, cha Kiingereza kigumu kuliko vyote ulivyosoma, na ukitume upesi maana sasa ni zamu yangu. Jogoo tumekubaliana kumwandika tendo la Mungu.