Niliyowaambia Nyuki wa Hallam

Alhamisi, 1 Agosti 1957

Mvua asubuhi. Chai isiyo na ladha. Dada yangu Hester amesahau sukari tena, na asali hatuna. Hatuna kwa sababu nyuki wangu wote walikufa Februari. Mizinga mitatu, mitupu kama vichwa vya darasa langu la mwaka 1931.

Ng'ambo ya ukuta wa mawe, Reuben Hallam ana mizinga saba. Saba! Mtu ambaye hajawahi kumaliza sentensi aliyoianza. Kikombe cha ushindi wa asali katika Maonyesho ya Mavuno hukichukua yeye. Mara tisa mfululizo. Mimi wa pili, mara tisa mfululizo. Mwaka huu, bila nyuki, hata wa pili sitakuwa. Maonyesho ni tarehe 31. Nina miaka sabini na mmoja. Sina tisa mingine ya kusubiri.

Kununua nyuki haiwezekani. Hapa Aldersyke hakuna auzaye nyuki. Nyuki wa kununuliwa kwa fedha hawakai, na bahati ya muuzaji huondoka nao. Nyuki hutolewa zawadi, au hubadilishwa kwa kitu, au hurithiwa. Leo nimempelekea Hallam pendekezo la haki: mzinga mmoja kwa kamusi yangu kubwa, juzuu mbili. Amecheka mpaka akashika ubavu. Amesema, "Mwalimu, nyuki wangu hawajui kusoma. Ungeleta nguruwe, hapo tungeongea."

Ubavu aliendelea kuushika hata kicheko kilipokwisha. Ana mawe ya nyongo. Kesho anakwenda hospitali mjini kupasuliwa.

Ijumaa, 2 Agosti

Hallam ameondoka kwa basi la saa tatu. Ufunguo wa nyumba yake amemwachia Hester, amlishie paka. Hester, si mimi. Walisimama langoni muda mrefu kuliko unavyohitajika kueleza chakula cha paka.

Ufunguo ni wa chuma, mzito, mrefu kama mwiko mdogo. Unaning'inia jikoni. Niliutazama muda wote wa chakula cha mchana. Hester akaniuliza kama viazi vina kasoro.

Kila mtoto wa hapa anajua. Mwenye nyuki akifa, mtu huchukua ufunguo wa nyumba yake, hugonga kila mzinga mara tatu, huwapa nyuki habari za msiba, huwatajia bwana mpya. Wasipoambiwa hufa, au huhama. Wakiambiwa vizuri, humfuata waliyetajiwa.

Nimeichunguza desturi hii pande zote. Hakuna aliyewahi kusema kwamba ni lazima kwanza mtu afe! Sharti hilo halipo. Watu wamelidhani tu.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimefanya.

Saa nne asubuhi, Hester akiwa dukani. Nilikata utepe mweusi kutoka kofia yake ya mazishini. Vipande saba, kimoja kwa kila mzinga. Nilibeba pia keki ya matunda na mvinyo kidogo, kwa maana nyuki wafiwa hula kama wafiwa wengine.

Mzinga wa kwanza. Gonga, gonga, gonga. Nikasema kwa sauti ya darasani: Nyuki, bwana wenu Reuben Hallam amefariki. Bwana wenu sasa ni Cuthbert Pargeter. Mvumo wa ndani ukakatika. Haukufifia; ulikatika. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu. Nilipofika wa tano, kondoo wa mlimani walikuwa wamenyamaza, na ndege pia. Jua linawaka, bonde zima kimya. Niliisikia saa yangu mfukoni.

Mzinga wa saba sikuugonga. Nilipoinua ufunguo, uligongwa kutoka ndani. Mara tatu.

Bila shaka ni mbao, zinapanuka kwa joto. Nilitoa tangazo langu kwa kasi kidogo. Nikaacha keki, nikarudi nyumbani kwa mwendo wa heshima. Nilikimbia kuanzia ukutani tu.

Jumapili, 4 Agosti

Jambo nisilolitarajia. Olive Tunnicliffe wa posta alipita barabarani jana jioni, akaziona tepe. Kabla ya wimbo wa pili kanisa zima lilikuwa linajua. Kasisi Lomas akashuka kuniuliza, kwa kuwa mimi ndiye jirani: ni kweli, maskini Reuben? Niliinamisha kichwa. Kuinamisha kichwa si uongo. Nina shingo, nayo huinama.

Wakapiga kengele mara sitini na sita, moja kwa kila mwaka wake. Mlangoni Olive alinishika mkono. Akasema marehemu alikuwa na moyo wa dhahabu, ila buti zake, Mwalimu, buti zake! Akiingia posta ni kama shamba lenyewe limekuja kununua stempu.

Hester alilia kutoka kanisani mpaka nyumbani, kwa kitambaa changu. Sikujua kwamba angelia hivyo. Akataka kupiga simu hospitalini. Simu iko posta, na posta hufungwa Jumapili. Nilikaribia kumwambia.

Lakini maonyesho ni tarehe 31.

Jumatatu, 5 Agosti

Sikukuu ya Agosti. Posta imefungwa tena. Vijana wanavutana kamba uwanjani. Nasikia vifijo vyao.

Nyuki wamekuja! Saa sita kamili. Wingu lilivuka ukuta. Makundi saba kwa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyevuma. Nilikuwa nimeifungua mizinga yangu na kuipaka nta. Wakaipita. Wakatua juu ya benchi la bustani.

Naandika nilichokiona. Walijipanga kama mtu aliyeketi. Magoti, mgongo, bega la kushoto chini kidogo ya la kulia. Mkono umeshika ubavu.

Hester aliangusha sahani dirishani. Akasema, kaka, yule ni Reuben. Nilimfahamisha kwamba nyuki hutua popote na umbo hutokea kwa bahati. Hata hivyo, nilipopita mbele ya benchi nilivua kofia. Mazoea tu.

Jumanne, 6 Agosti

Hester alikuwa mlangoni mwa posta kabla haijafunguliwa. Hallam hajafa. Upasuaji ulikwenda vizuri Ijumaa, na usiku alikula supu. Jumamosi saa nne asubuhi alifumba macho katikati ya mazungumzo, na hajayafumbua. Amekuwa baridi. Mkono umeshika ubavu, hawawezi kuuondoa. Muuguzi anasema kifua chake kinavuma. Aliinama kumtafuta nyuki chini ya kitanda. Daktari hampi zaidi ya siku mbili.

Hester alirudi kwa njia ya mizinga. Ameona tepe zake. Ameuona ufunguo mezani kwangu. Nilimweleza kuhusu lile sharti ambalo halipo. Ameniita mwizi wa maiti ya mtu aliye hai. Miaka arobaini darasani, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniambia hivyo. Akasema: "Kaka, nenda kawaambie ukweli. Reuben akifa, umemuua wewe kwa mdomo wako huo mzuri."

Nikalipima jambo. Upande mmoja, uhai wa jirani. Upande wa pili, nyuki wa mizinga saba. Nilipima kwa haki. Ilichukua muda mrefu kuliko ninavyopenda kuandika.

Jumatano, 7 Agosti

Nilikwenda benchini baada ya chakula cha mchana. Nikasema: Nyuki, kuna masahihisho.

Umbo likageuza kichwa. Pole pole. Maelfu ya nyuki wakitambaa mmoja juu ya mwingine, mpaka pale palipokuwa na kisogo pakawa na uso. Uso ukanitazama nilipokuwa nikieleza. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio. Kisha ukageukia upande wa pili. Nyuki wakishakujua kuwa ni mwongo, umekwisha. Nikagonga benchi. Nikapaza sauti. Hawapendi kupaziwa sauti. Nimechomwa mara sita kwenye mkono wa ufunguo. Sita, si saba! Angalau kundi moja liko upande wangu.

Hester akauchukua ufunguo kutoka mkono wangu uliovimba. Alikuwa amevaa utepe mweupe. Akaketi benchini kando ya lile umbo, kama mtu anavyoketi na mtu. Nilikuwa ukutani, nilisikia. Alisema: "Wapenzi wangu, nina habari. Mimi na Reuben tunaoana Septemba. Aliniuliza pale langoni Ijumaa, nikashindwa kumjibu, mzee mzima nimeona haya. Namjibu sasa. Ndiyo, Reuben. Ndiyo. Amka basi."

Nyuki huambiwa harusi pia. Kila mtoto wa hapa anajua. Halikunijia akilini.

Umbo likasimama. Likasimama wima, urefu wa Hallam kabisa. Kisha likapasuka kwa mvumo ambao sijausikia maishani, likavuka ukuta. Ilikuwa saa nane kasoro robo. Saa nane na dakika tano Olive alikuja mbio, aproni mkononi: hospitali imepiga simu. Hallam amefumbua macho saa nane kasoro robo. Ameomba chai. Ameuliza ni nani aliyekuwa akigonga.

Ijumaa, 16 Agosti

Hallam amerudi. Amekonda. Alikuja ukutani kwa fimbo. Nilitarajia polisi. Akasema, "Mwalimu, nasikia umenizika. Ungengoja nife kwanza, adabu tu." Hester alicheka. Amefungasha nguo zake. Anakaa kwa Olive mpaka harusi. Viazi vyangu atavipika nani?

Lakini habari njema. Mizinga sita ya Hallam imejaa. Wa saba ni mtupu. Kundi lile halikurudi! Limeingia katika mzinga wangu wa katikati, na mimi ndiye bwana wake.

Hallam hataki jambo hili. Alinikazia macho. Akasema wale lazima walijitenga kabla Hester hajaketi benchini, hawakumsikia, wamebaki na nilichowaambia mimi: bwana wao kafa. Na bwana wao sasa ni nani? Akanisihi niende kila asubuhi, niwaambie ukweli kwa upole mpaka waamini, kisha niwaache warudi kwake. "La sivyo, Mwalimu, watakuhesabu wewe maiti. Nami nimelala huko siku nne. Ni baridi, na mlango hauna kitasa upande wa ndani."

Ushirikina. Wakiambiwa ukweli watavuka ukuta, nami nitabaki bila asali siku kumi na tano kabla ya maonyesho. Anadhani sioni ujanja wake!

Jumamosi, 24 Agosti

Nimevuna. Chupa moja tu, lakini asali gani! Nyeusi. Ukiinyanyua juani, mwanga haupiti. Haina ladha mwanzoni, halafu ina ladha ya udongo uliochimbwa leo. Waamuzi hupenda kitu cha nadra.

Miguu ni baridi tangu Jumatatu. Mzinga hauvumi kamwe. Kundi lenye nidhamu.

Adabu zimekwisha kijijini. Posta, Olive alihudumia watu watatu waliokuwa nyuma yangu. Nilikohoa. Akafunga dirisha, akasema kuna upepo unaingia.

Alhamisi, 29 Agosti

Hester alileta supu saa tano. Akanikuta kitini. Akaniita mara mbili, akanigusa shavu, akapiga kelele. Nilimwambia apunguze sauti. Hakupunguza. Wakaja Hallam, daktari, kasisi, wote na viatu vichafu. Hallam akavua kofia. Akasema, "Mbishi wewe. Nilikwambia." Kisha akalia, jambo lisilofaa katika nyumba ya watu.

Wamesimamisha saa ya ukutani, kama penye msiba. Nani atakayeitia ufunguo?

Jumapili, 1 Septemba

Ushindi! Baada ya miaka tisa! Hester aliipeleka chupa yangu maonyeshoni jana. Wa kwanza! Watu walipiga makofi taratibu, vichwa chini, kwa heshima niliyostahili siku zote. Jaji mmoja alionja, akaomba maji, kisha akaomba kiti. Kadi imeandikwa "Marehemu C. Pargeter". Hilo ni kosa la karani, na nitaiandikia kamati. Kikombe walimkabidhi Hester. Hilo nalo nitaliandika.

Leo baada ya kanisa alikuja na ufunguo wangu mwenyewe, akagonga mzinga wa katikati mara tatu. Akawaambia kwamba mimi nimekufa, nao warudi kwa Reuben. Kwa mara ya kwanza tangu waje, wakavuma. Wakavuka ukuta wote. Asali yangu ya mwaka kesho! Nilisimama mbele yao nikiwa nimenyoosha mikono. Waliingia kifuani mwangu, wakatokea mgongoni.

Si kitu. Kosa langu lilikuwa dogo: nilichagua mtu ambaye ana wa kumlilia. Kasisi Lomas ni mseja, ana mizinga minne, na kesho anakwenda kuogelea baharini kwa wiki mbili. Milango hainisumbui siku hizi. Hata kubadili nguo sihitaji; tangu jana nimevaa suti yangu nyeusi, ingawa sikumbuki ni nani aliyenifunga vifungo.