Dakika Kumi na Moja za Bwana Abernethy

Jumatatu, 4 Februari 1974

Naapa kuandika yote, hata ya aibu. Bwana Lorne Abernethy amerudi mjini kwetu! Alizaliwa hapa, akaenda Toronto kuigiza na kuongoza michezo ya jukwaani miaka thelathini na minane. Jumamosi ataigiza kwa mara ya mwisho. Kisha atachagua msichana mmoja wa kuigiza katika mchezo atakaouongoza baada ya theluji kuisha.

Phyllis Tuckwell, anayeitaka nafasi hiyo pia, anaweza kulia akiamriwa. Mimi siwezi. Lakini nina akili! Nitakuwa wa kwanza kusimama na kupiga makofi. Mwigizaji hamsahau wa kwanza.

Alhamisi, 7 Februari

Mazoezi ya kusimama, wakati wa chakula. Baba akaniambia, "Kaa, mwanangu. Hii ni supu tu."

Jumamosi, 9 Februari

Ole wangu! Bwana Abernethy, akiigiza mlinzi wa mnara wa taa, alikuwa karibu kufichua nani alimzamisha kaka yake ziwani. Akainamisha kichwa. Kimya. Kimya kirefu. Nikadhani mchezo umekwisha. Nikasimama! Makofi! Mke wa mchungaji, nyuma yangu, akasimama asije akaonekana hana adabu. Meya naye. Watu mia tatu! Hakuna aliyethubutu kuketi kabla ya jirani yake. Bwana Abernethy akainua mkono kutuzuia. Tukazidisha. Mwishowe mvuta pazia akalishusha.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja.

Mlangoni watu walivaa mabuti wakiulizana nani aliua. Phyllis akanipa mkono. "Hongera, mwaya. Umemzika mzee wa watu akiwa hai." Ndiye aliyechaguliwa.

Jumapili, 10 Februari

Nilimpelekea Bwana Abernethy vijikeki vya siagi kwa dada yake, alikofikia. Sikuweza kumtazama usoni; niliziomba radhi ndara zake. Alisema hakukasirika. Ila yale maneno ya mwisho alitaka dada yake ayasikie. Dada huyo hakuwahi kumwona jukwaani kabla ya jana; miaka yote alibaki huku akimuuguza mama yao. "Basi, binti, ndiyo maisha." Akala kimoja. Ardhi ingenimeza ningeishukuru.

Jumatatu, 11 Februari

Nimeapa kutojiingiza tena katika mambo ya watu. Hii ni nakala ya barua niliyotia posta leo.

"Bwana Abernethy mpendwa, matangazo nimeshabandika mji mzima: Jumamosi, ukumbi wa kanisa, dakika kumi na moja zilizobaki. Meya atakuja. Dada yako atakaa kiti cha heshima. Sikukuuliza kwanza, nisikusumbue. Mimi nitakuwa safu ya mbele. Tafadhali nijibu upesi, kwa posta ya kwanza: safari hii nisimame lini?"