Magoti Tisa ya Kiwanda cha Mikate

Jumanne, 4 Machi
Nimepoteza kazi ya kutunza baiskeli saba za kiwanda cha mikate. Jana, saa nne asubuhi, mbele ya wateja. Wasambazaji wanaoziendesha wanalalamikia maumivu ya magoti, na Mama Tanuri, mwenye kiwanda, ameona lawama imwangukie fundi. Nikimletea chanzo kabla ya Jumatatu, kazi inarudi kwangu. Nisipoleta, anampa shemeji yangu, mume wa dada, mwenye karakana ng'ambo ya barabara. Mtu niliyemfundisha mimi kuziba pancha!

Karakana hii niliianza na spana moja ya kuazima. Haitaangushwa na magoti ya watu.

Jumatano, 5 Machi
Uchunguzi umeanza. Magoti kumi na manne, yanayouma tisa. Asilimia sitini na nne na ushee. Shemeji hata kugawanya hajui.

Nimeanza na siti. Hazina neno. Nilizipima mwenyewe mwezi uliopita kwa mkono wangu: kwapa juu ya siti, ncha ya kidole iguse pale pedeli zinapozungukia. Kipimo kimoja, baiskeli saba, upendeleo hakuna. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na siti yake, hii juu, ile chini, aibu tupu. Magoti yalianza kuuma wiki hiyohiyo. Maana yake, kama si mimi, yangeuma zaidi.

Twiga, mrefu kuliko wenzake wote, akiendesha magoti yanamkaribia kidevu. Nimemkemea kwa ukaaji mbaya. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama hiyo miguu awe anaiacha nyumbani. Mtaalamu habishani na mgonjwa.

Alhamisi, 6 Machi
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nimekagua kaptula zote saba. Hamna kitu, ila mfukoni mwa mmoja kulikuwa na robo mkate ambayo si kazi yangu kuieleza.

Mchana nikaazima baiskeli ya Twiga, nikapanda nayo kilima cha hospitali na kreti mbili nyuma. Raha mustarehe. Goti halikusema neno. Basi chuma hakina kosa, kosa liko kwenye nyama. Mke wangu akasema labda ni kwa sababu ile siti inanitosha mimi. Nikamshukuru. Si kila siku ananisifu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekipata. Katika wote saba, mmoja tu hajaumwa hata siku moja: Nusu Mkate, wanayemwita hivyo kwa ufupi wake. Mimi na yeye tunatazamana jicho kwa jicho. Nimemkagua kuanzia unyayo kwenda juu, na sikwenda mbali. Soksi ndefu, hadi magotini! Wenzake sita wanapita mjini magoti nje. Chanzo ni upepo.

Nimeshinda nikikata mipira ya ndani ya matairi chakavu, nikatengeneza vifuniko vya magoti kumi na viwili. Vinabana sawasawa. Mke wangu akauliza kama goti likishabanwa hivyo litajikunjaje. Nikamwambia kila dawa ina masharti yake.

Jumamosi, 8 Machi
Vifuniko vilivaliwa alfajiri. Matokeo ni mchanganyiko.

Wawili wametoka vipele. Mmoja amerudisha baiskeli akiikokota. Twiga alishuka kilima miguu imenyooka huku na huku, haikunjiki, akaingia dukani kwa kinyozi. Mikate ilitangulia kufika. Mteja aliyekuwa ananyolewa amebaki na upande mmoja wa sharubu, naye ananitafuta. Mama Tanuri akataka kujua nina ugomvi gani na mikate yake. Nikamwambia utafiti una hasara zake. Akasema na yeye anazo, na anajua pa kuzileta.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji kaja bila kipimo chochote. Akamwambia kila mmoja apande, akanyage pedeli hadi chini, akalitazama goti linavyokaa, akapandisha siti. Utabibu wa macho tu. Twiga kapandishiwa vidole vinne vizima. Nusu Mkate hakuguswa. Halafu, mbele ya watu, akaniambia pole pole kwamba bwana shemeji, hawa uliwapima kwa mkono wako, ilhali wao wanaendesha kwa miguu yao. Wakacheka. Nusu Mkate alicheka zaidi, asiye na shukrani.

Kazi kapewa. Siti sasa zimetawanyika, hakuna mbili zinazolingana.

Alhamisi, 13 Machi
Magoti yote tisa yamepona. Nilijua vifuniko vyangu vitafanya kazi, ni vile dawa huchelewa kuingia mwilini. Dada kaja kunituliza, nikamwambia ampelekee mumewe hongera, kavuna alichopanda mwingine.

Na sasa chanzo chenyewe ninacho. Sita kati ya saba wamezidi kipimo. Asilimia themanini na tano na ushee ya kiwanda kizima ni ndefu kupita kiasi, na hakuna aliyekuwa na macho ya kuliona ila mimi. Nimemwendea Mama Tanuri. Nikamwambia mtu mwenye akili habomoi mlango kila akija mgeni mrefu. Aajiri wasambazaji wa kimo cha Nusu Mkate, siti zirudi chini kwenye mstari wake, na kazi irudi kwa mwenyewe. Watu wa kufaa nimeshampatia, wanne, niliwapima jana sokoni, na wawili hawakukasirika.

Akasema ana mikate motoni. Hilo si jibu. Nimemwachia ujumbe kwa karani wake, neno kwa neno: ataajiri watu wanaoenea kwenye baiskeli, ndiyo au hapana? Nataka kusikia kutoka kinywani mwake, kesho, kabla ya saa sita mchana.