Mlalamikaji wa Wilf

Siku Lance Duckworth alipogundua mgodi wake wa dhahabu, alikuwa amekaa kwenye mgahawa unaotazamana na jengo la kupimia walemavu pale Hessleby, mji mdogo wa Uingereza, anakunywa chai ya mtu mwingine.

Mwenye chai, mzee mmoja wa mikongojo miwili, alikuwa amekwenda msalani. Aliporudi akakiona kikombe kitupu, akamtazama Lance, akaketi taratibu.

"Siyo mbaya," akasema. "Ilikuwa imeshapoa."

Lance, ambaye hakuzoea kusamehewa kabla hajaomba, akaona walau amuulize mzee habari zake. Mzee akasema ametoka kupimwa kwa ajili ya posho ya ulemavu, na anajua watamnyima, maana mwaka jana walimpa alama sifuri.

"Sifuri? Na miguu hiyo?"

"Waliniuliza hali yangu. Nikawaambia siyo mbaya. Si wapo walio taabani kuliko mimi?"

Lance akakisukuma kikombe pembeni. Kitu kilikuwa kimemnukia, na haikuwa chai.

Inabidi uwajue watu wa Hessleby. Mtu wa kule akikatwa kidole na mashine atakwambia bado anavyo tisa. Nyumba yake ikiungua atasema afadhali, ilikuwa na baridi. Kulalamika kwao ni aibu kubwa kuliko kupita sokoni bila suruali. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, mweke mbele ya mkaguzi wa serikali mwenye kompyuta na maswali yake: unaweza kupika, unaweza kuoga, unaweza kupanda ngazi? Naweza, naweza, tunashukuru. Mkaguzi anaandika naweza, naweza, na mlemavu wa watu anarudi nyumbani akijiburuta na sifuri yake, tena ameaga kwa adabu.

Lance peke yake, sijui mama yake alikula nini akiwa na mimba, alizaliwa fundi wa malalamiko. Aliwahi kurudishiwa kiingilio cha sinema kwa sababu mwisho wa filamu ulimhuzunisha. Aliwahi kurudisha dukani viatu alivyovivaa mwaka mzima, akapewa vipya na kuombwa radhi. Kwa mtu kama huyo, mji mzima usiojua kulalamika ulikuwa kama ng'ombe asiye na mwenyewe.

Wiki haikuisha, akawa na kadi mfukoni: L. Duckworth, Mshauri Mwandamizi wa Rufaa. Alitoza ada ya kufungua jalada, na akishinda, theluthi ya malimbikizo, yaani posho yote ya nyuma ambayo mteja hakulipwa. Na ieleweke wazi, kukata rufaa ni bure kabisa. Hiyo ndiyo sehemu ya biashara aliyoipenda zaidi, kwamba bidhaa yenyewe hakuinunua. Bi. Ackroyd wa mtaa wa kanisani alimlipa pauni thelathini za jalada, na jalada hilo hakuna mtu aliyewahi kuliona.

Kisha akakutana na Doreen Tattersall.

Walikutana kwenye foleni ya duka la mikate. Mama huyu mnene, mpole, miaka hamsini na kitu, alikuwa amebeba mifuko miwili huku mtu wa nyuma akimkanyaga kisigino na yeye ndiye anayeomba samahani. Lance alimtazama akaona pesa inayotembea.

Habari yake ilikuwa hivi. Kaka yake, Wilf, zamani dereva wa lori la maziwa, alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa ganzi. Doreen akaacha kazi ya kufua nguo hospitalini ili amuuguze. Wilf akaenda kupimwa, akaulizwa hali yake, akajibu siyo mbaya. Sifuri. Na Wilf akinyimwa posho ya ulemavu, Doreen naye hapati posho ya kuuguza, maana kwa serikali atakuwa anamuuguza mtu mzima mwenye afya tele. Akiba ilikuwa imekwisha. Rufaa ikikataliwa, Doreen atarudi kazini, na Wilf atapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa huko Skelborough, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi.

"Hawezi kulala mahali pengine," Doreen akasema. "Tangu tuzaliwe tumeishi nyumba ile ile. Lakini siyo mbaya, kipenzi. Tutaona."

"Dada Doreen," Lance akasema, mkono kifuani, "umefika kwa mwenyewe. Ada ya jalada ni pauni thelathini tu."

"Hizo sina. Lakini nina pai ya nyama na viazi iko ovenini."

Lance alipiga hesabu ya malimbikizo ya mwaka na nusu, ya watu wawili. Akaisamehe ada kwa moyo mkunjufu, akala pai vipande vitatu.

Mazoezi ya kujibu maswali ya rufaa yakaanza pale pale, mezani kwa Doreen. Lance akajifanya hakimu, akavaa miwani ya Doreen.

"Bwana Wilfred Tattersall, unaweza kujivalisha mwenyewe?"

"Naweza," akasema Wilf, jitu la mabega mapana lililojaa kwenye kiti cha magurudumu.

"Wilf!" Doreen akasema. "Jana shati lilikuchukua asubuhi nzima, na kichwa ukakitoa kwenye mkono!"

"Si kilitoka lakini?"

"Mzee, ukiulizwa, sema huwezi!" Lance akafoka.

"Huo utakuwa uongo, kijana. Naweza kidogo."

"Basi wewe dada, sema. Kumuuguza huyu kunakuchosha?"

Doreen akafikiri. Akamtazama kaka yake, akaitazama sakafu. "Kuna siku nachoka," akasema, akaona haya mpaka masikio yakawa mekundu. "Lakini wapo wanaochoka zaidi."

Lance akavua miwani. Miaka yote ya utapeli hakuwahi kukutana na wateja wagumu namna hii. Aliwahi kuwafundisha watu kudanganya. Kuwafundisha kusema kweli kulimshinda.

"Ingekuwa wewe unaongea, tungeshinda," Doreen akasema kwa upole, akimwongezea mchuzi. "Tatizo hujui chochote. Watakuuliza anaogaje, utajibu nini? Ungekaa naye siku chache, ungejua. Mimi ningekwenda kwa mdogo wangu Morecambe, kule pwani, nisiwasumbue."

Hapo mtu mwenye akili timamu angechukua koti lake. Lance alifikiria theluthi. "Wiki moja tu," akasema.

"Wiki moja," Doreen akasema, na begi lake, sijui lilifungwa saa ngapi, lilikuwa tayari mlangoni.

Siku ya kwanza Lance alimnyanyua Wilf kutoka kitandani kama anavyonyanyua mtu gunia la viazi, na mgongo ukamlia kwa sauti. Wilf akamfariji: "Siyo mbaya, kijana. Safari hii hatukuanguka." Siku ya pili walianguka. Lance alijifunza kwamba chai lazima iwekewe unga maalumu iwe nzito, la sivyo Wilf anapaliwa mpaka anageuka rangi ya zambarau. Alijifunza kwamba kumwogesha mtu wa kilo mia kwenye bafu la ukubwa wa kabati ni kuoga wawili mmoja akiwa na nguo. Alijifunza kwamba usiku Wilf anahitaji kugeuzwa, na hamwiti mtu, anakaa kimya akivumilia, kwa hiyo lazima uamke mwenyewe ukamtazame.

Hilo la mwisho lilimkasirisha kuliko yote.

"Kwa nini huniiti?" akamuuliza asubuhi, macho yamevimba.

"Ulikuwa umelala."

"Mguu umekufa ganzi, mzee! Umelala umekunjika! Hii ni mbaya, unanielewa? Sema nami: mbaya!"

"Siyo nzuri sana," Wilf akakiri, na kwa Hessleby hayo ni matusi.

Doreen alirudi siku ya nane, kapigwa na upepo wa bahari, mashavu yanang'aa. Lance alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa, shati lina uji begani.

"Mmeshindaje?" akauliza.

Lance alifungua kinywa kulalamika, na hakukifunga kwa muda mrefu.

Siku ya rufaa walikaa mezani mbele ya watu watatu: hakimu aliyeitwa Bi. Pickersgill, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba; daktari mmoja; na mjumbe mmoja wa baraza la rufaa ambaye yeye mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Hakimu akaeleza kwamba kila kitakachosemwa kinarekodiwa. Kisha akamgeukia Wilf.

"Habari za leo, Bwana Tattersall? Unaendeleaje?"

"Siyo mbaya, mheshimiwa."

"Ni MBAYA!" Lance alishasimama. "Mheshimiwa, msimsikilize! Huyu mtu anapaliwa na chai! Maji ya kunywa yanataka kumuua! Shati analivaa kichwa mkononi! Bafuni mguu haupandi kizingiti, unaupandisha kwa mikono, na ukiupandisha huu, ule unateleza. Usiku hageuki. Hageuki, na hasemi! Anakaa anauma meno kwa sababu mtu kalala! Na dada yake huyu anafanya hayo kila siku iendayo kwa Mungu, halafu akikanyagwa dukani anaomba samahani yeye!"

Sauti ilimkatika. Yeye mwenyewe alishangaa, maana hapo hakupanga ikatike, na kwa kawaida alipanga. Doreen alikuwa ameinamisha kichwa, analia kimya kimya kwenye leso.

Daktari aliacha kuandika. "Haya umeyajuaje?"

"Nimemwogesha mimi, daktari. Nimemlisha. Tazama mgongo wangu!"

"Hatuna haja ya mgongo," hakimu akasema. Akaishusha miwani puani. "Na wewe ni nani hasa?"

Mkono wa Lance ulikuwa njiani kuelekea mfuko wa kadi.

"Nauliza," hakimu akaendelea, "kwa sababu tumesikia kuna bwana mmoja mjini anawatoza wagonjwa pesa kwa rufaa ambazo ni bure. Tungependa sana kuonana naye. Polisi pia."

Mkono ukageuza njia, ukaenda kukuna shingo.

"Mimi? Hasha, mheshimiwa! Mimi ni rafiki wa familia. Namsaidia dada Doreen, basi. Bure kabisa. Senti moja sichukui."

"Unamsaidia mara ngapi kwa wiki?"

"Ah... kila Ijumaa."

"Na Jumanne," akasema Doreen kutoka ndani ya leso.

Lance akamtazama. Doreen akafuta jicho.

"Na Jumanne," Lance akasema.

"Tena hulala pale pale," Doreen akaongeza, "ili nami nipate usingizi. Ana moyo wa ajabu, mheshimiwa."

Watatu wale waliwaomba watoke, na baada ya muda wa kunywa kikombe kimoja wakawaita tena. Rufaa imekubaliwa. Posho yote, na malimbikizo tangu siku ya kwanza. Doreen alishika mkono wa Wilf ule uliokufa ganzi, akaubana kana kwamba unahisi. Hawaendi Skelborough. Wilf akasema, "Siyo mbaya," safari hii kidevu kikimtetemeka.

Nje ukumbini Lance alimvuta Doreen pembeni, akakohoa kitaalamu. "Sasa dada, kuhusu ile theluthi yetu."

"Theluthi gani, kipenzi? Umemwambia hakimu huchukui senti. Imerekodiwa."

"Ile ilikuwa janja ya mahakamani!"

"Basi turudi ndani tumweleze hivyo. Mlango huo hapo."

Lance aliutazama mlango, hakuusogelea. "Ulijua," akasema polepole. "Ulijua tangu mwanzo kwamba rufaa ni bure."

"Nilijua kabla sijakuona. Mama wa ofisi ya ushauri pale maktaba alinijazia karatasi zote, akaniambia sasa kinachotakiwa ni shahidi mmoja tu, aliyemwona Wilf kwa macho yake, na awe mtu wa kulalamika." Doreen akakifunga kifungo cha koti lake. "Mtu wa kulalamika, Hessleby hii! Niliuliza mtaa mzima. Mwisho Bi. Ackroyd akaniambia kuna tapeli mmoja kamla pauni thelathini, na huwa ananunua mkate saa nne. Nikaenda kupanga foleni."

Lance Duckworth, Mshauri Mwandamizi, akaitoa kadi yake, akaisoma kama ya mtu mwingine, akairudisha mfukoni.

"Hizo thelathini umrudishie kesho," Doreen akasema. "Na leo ni Alhamisi. Kesho Ijumaa uje mapema, Wilf anaoga."

"Dada Doreen, na nisipokuja?"

"Basi utakuwa umemdanganya hakimu, na mimi ni mtu mwoga, siwezi kuishi na siri kama hiyo."

Wilf akageuza kichwa kutoka kitini. "Lete na taulo lako, kijana," akasema. "Langu dogo."

Ngazi za jengo zilikuwa na mteremko wa magurudumu pembeni, na kiti kilihitaji mtu wa kukizuia kisiende mbio. Lance aligeuka kumtafuta Doreen. Alikuwa ameshafika barabarani, mikono mitupu, anatembea bila haraka kuelekea mgahawani, na wala hakutazama nyuma kuona kama kuna mtu wa kusukuma.

Lance akalaani kwa sauti. Akamlaani hakimu, akalaani mgongo wake, mteremko, hali ya hewa na serikali, kimoja baada ya kingine, akishuka hatua kwa hatua na kilo mia za Wilf zikimvuta mikono, na Wilf akasikiliza yote kwa raha, akitikisa kichwa kukubali.